Matundu Manane ya Janeffer

Mama yangu, Janeffer, amejijengea nyumba upande wa Sotik, pole pole, kwa miaka minne. Asubuhi alikuwa anachuna chai, anakamua ng'ombe, halafu anabeba maji ya kuchanganya simiti. Majirani wakipita wanatazama kuta zake.

"Janeffer, hii ni nyumba ama banda la mahindi? Mbona matundu mengi hivi?"

Mama anacheka kidogo tu. Anayejua habari yetu haulizi.

Zamani tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, shamba moja la chai kule Kericho. Julai moja baridi ilizidi. Mama alipanda kiti akaziba tundu la hewa kwa sweta kuukuu. Mimi ndiye niliyempa hiyo sweta, nilikuwa na miaka minane. Akaacha jiko la makaa ndani ili ndugu yangu Kipkirui, wa miezi saba, asipate homa. Tukaenda kufua pale bombani, si mbali. Tuliporudi alikuwa bado amelala, midomo myekundu, mizuri kabisa. Hakuwa akipumua.

Tangu hapo Mama akiingia chumba chochote huinua uso kwanza, anatafuta tundu. Hata kanisani. Wakati mwingine hunyamaza katikati ya maneno. Nikimwuliza kuna nini, anasema, "Ngoja. Kuna mtu anapumua." Tunangoja wote wawili. Mimi sisikii kitu, lakini sijawahi kumwambia hivyo.

Fundi wetu ni Ooko, mtu wa upande wa ziwa aliyekaa huku hadi watoto wake wanaongea Kikipsigis.

"Mama Chepngeno," alimwambia, akimwita kwa jina langu, "hewa baridi inaingia chini, ile ya moto inapanda. Ukiweka tundu ukuta mmoja tu, umejidanganya."

Basi wakapanga: vyumba vinne, kila kimoja tundu moja chini upande wa upepo, na moja juu ukuta wa pili. Kwa paa, Mama alitaka maranda ya mbao juu ya dari yazuie baridi, kwa kuwa maranda hayanunuliwi.

"Weka," Ooko alisema. "Panya watakuombea baraka."

Wakachagua ile karatasi nene inayong'aa, inayotandazwa chini ya mabati, na nafasi iachwe kule juu kabisa ili jasho la mabati likauke.

Siku ya kupiga plasta tulikuwa tunapeleka majani ya chai kituo cha kuuzia. Mama aligeuka barabarani akaita, "Ooko! Hayo matundu, yapaki yote!"

"Sawa, mama!"

Sisi Wakipsigis wengi, b na p kwetu ni mtu mmoja. Nilikuwa nyuma yake na kikapu na nilimwelewa vizuri. Sikufikiria kuwa Ooko ana masikio mengine.

Tuliporudi saa nane kuta zilikuwa laini kama yai. Mama aliweka kikapu chini.

"Ooko, umefanya nini?"

"Nimepaka, vile ulisema."

"Nilisema yapaki."

"Si ndio hiyo? Yapake. Nikajua umechoka kuambiwa mambo ya banda."

"Yapaki," Mama alisema. "Yakae. Yasiende mahali."

"Yabaki," Ooko alisema polepole. "Pole, mama."

Mama alikuwa ameshaanza kuchimba plasta mbichi kwa vidole. Ooko akachukua patasi, mimi kijiko.

Yote manane yalipofunguka, Mama alitia majani mabichi ya sipresi kwenye mkebe wenye makaa, akaingia chumba kimoja kimoja na kujifungia. Mimi nilisimama nje kutazama kama moshi unatoka kwa tundu la juu. Vyumba vitatu vilitoa vizuri. Cha nne, kile tutakamolala, hakikutoa.

"Moshi umetoka?" Mama aliuliza kutoka ndani.

"Bado."

Alikohoa. Ooko akagonga mlango. "Mama, toka kwanza, nitaangalia."

"Sitoki mpaka moshi utoke."

Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anaongea na mwingine aliye karibu naye kuliko mimi. Nilipanda ngazi mwenyewe nikasukuma chuma ndani ya tundu la juu. Donge la plasta likaanguka ndani na moshi ukanipiga usoni.

"Umetoka," nilisema. "Mama, moshi umetoka. Fungua."

Alikaa kidogo, halafu akafungua.

Tulihamia mwezi uliofuata. Karatasi ya Ooko inafanya kazi, mabati hayadondoshi maji. Lakini asubuhi ya kwanza yenye ukungu mzito, tukinywa chai, upepo uliingia kwa tundu la chini na nikatetemeka. Mama aliona. Macho yake yalienda kwa blanketi, yakaenda kwa tundu. Akaweka kikombe chini, akaikalia mikono yake yote miwili, akabaki hivyo mpaka jua likatoka.