Masika ya Jiko Moja

Mwezi uliopita nilirudi Babati, nikatembea hadi Nakwa, upande wa ziwani, kukiangalia kisiwa chetu. Hakipo. Maji siku hizi yamechimbiwa mfereji, na pale tulipokaa pana nyumba za bati zimebanana. Kijana aliyekuwa akifyatua matofali aliniangalia kwa huruma. "Kisiwa, dada? Hapa Nakwa?"

Usimlaumu. Hata kwenye ramani hakikuwapo. Kilikuwa kilima kidogo chenye nyumba mbili, yetu na ya jirani. Kiangazi ulikwenda mjini kwa miguu, vumbi hadi magotini. Masika yakikolea, ziwa lilipanda, bonde la nyuma likajaa maji, tukabaki sisi, ng'ombe wa bibi, mbuzi, na viboko waliokoroma karibu na choo kiasi kwamba hakuna aliyekaa humo muda mrefu. Mtumbwi ulipita ukijisikia. Baba na mume wa jirani walifanya kazi mjini, na mwaka huo maji yaliwakwamisha hukohuko.

Ilikuwa ile miaka ya themanini ya kukosa kila kitu. Tulifua kwa majivu, tukanywa chai bila sukari, tukala ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano ya msaada, wenye harufu ya gunia. Mjini watu walilalamikia foleni. Sisi hata foleni hatukuwa nayo. Kiberiti kilikuwa kitu cha kusimuliwa, kwa hiyo moto haukuachwa ufe. Kila jioni bibi alifukia makaa kwenye jivu, akayafunika kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Asubuhi mama aliyafukua, akapuliza, moshi ukatanda hadi darini, na hapo ndipo siku ilipoanza.

Asubuhi moja ya mvua jirani alikuja, mtoto mchanga mgongoni, kigae cha chungu mkononi. Kigae kilitosha kueleza: paa lake limevuja, moto wake umezimika, anaomba makaa. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu mbuzi wa bibi walipomaliza maharage yake shambani.

"Shikamoo," alisema, akiutazama ukuta.

"Marahaba. Moto hautoki," bibi akajibu. "Ng'ombe wangu amezaa juzi."

Huo ulikuwa mwiko wa nyumba yetu. Ng'ombe akizaa, moto hautoki mpaka kitovu cha ndama kidondoke, la sivyo maziwa yatakauka. Na maziwa yale ndiyo yaliyotuweka hai.

"Lakini mama, ana kichanga," mama yangu alimsihi.

Mimi, niliyekuwa nikifinywa hata kanisani kwa maswali, nikadakia, "Moto ukitoka, bibi, ng'ombe atajuaje?"

"Nenda kamuulize."

Jirani alikuwa anatetemeka. "Basi nisipopika uji, huyu mtoto atanyonya nini? Mvua?"

"Nimesema moto hautoki," bibi alisema. "Wewe nani amekukataza kuingia? Unamlowesha mtoto."

"Nipike jikoni kwako? Baada ya maharage yangu?"

"Mbuzi nitawafunga. Lete chungu, na hayo maharage yaliyobaki."

"Kwani uliniachia?"

Mama alicheka hadi akaegemea mlango. Jirani hakucheka, ila aliingia.

Siku zile ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Vyungu viwili vilisongamana kwenye jiko moja. Huku makande, kule uji, juu yake kambale wakikaushwa kwa moshi. Mvua ilinong'ona kwenye nyasi za paa, ndama akalia, mtoto akamjibu. Nilimpakata mtoto huku wakubwa wakipika na kugombana juu ya mbuzi. Bibi alisema maharage hayakuwa na uzio, jirani akasema mbuzi hawana adabu. Kila siku ugomvi ulianza upya, na kila siku ulikuwa mfupi zaidi.

Kitovu cha ndama kilipodondoka, bibi mwenyewe alichota makaa, akayaweka kwenye kigae, akampa jirani. Tulisimama mlangoni mpaka tukaona moshi ukipenya kwenye paa lake.

Kesho yake asubuhi jirani akaja na chungu.

"Umezimika tena," alisema.

Mvua haikuwa imenyesha. Nyuma yake, juu ya nyumba yake, moshi ulikuwa unapanda taratibu, kila mtu akiuona. Nilifungua mdomo, mama akanifinya. Bibi akasogeza kigoda chake, akampisha.

Chuo kikuu walinifundisha kutilia shaka kila kitu, na mwiko ule nimeugeuza kila upande. Je, bibi aliuamini? Au aliona kwamba angetoa makaa tu, jirani angeondoka nayo na kinyongo chake? Alifariki kabla sijamuuliza, na nadhani angenituma tena kwa ng'ombe.

Sasa Nakwa viberiti vinauzwa kila kibanda, na ni vizuri. Shida ile haikuwa tamu, na sitamdanganya mtu. Lakini jioni ile ya mwezi uliopita nilizunguka sana kabla ya kuondoka. Kila nyumba ilikuwa inapika. Nilitafuta mwanamke mmoja tu aliyebeba chungu kwenda kwa mwenzake, mwenye sababu ya uongo. Giza likaingia, sijamwona.