Kibati cha Bibie

Kaka yangu ni dereva wa lori. Wenzake wanamwita Difu, kama ile difu ya nyuma inayozungusha magurudumu, kwa sababu hata umpe mlima wa namna gani hanung'uniki, anavuta tu. Mama yetu alikuwa na jina lake: Bwana Harusi. Alidai mwanawe alioa lori, na mkewe wa nyumbani ni mke mdogo, anayepewa zamu lori likiwa gereji. Tulicheka sote. Shemeji naye alicheka, ingawa si sana.

Lori lenyewe kaka aliliita Bibie. Lilipochoka kabisa tajiri akaliuza chuma chakavu, akampa jipya. Sasa madereva wana desturi yao ambayo matajiri hawaijui: gari ulilozeeka nalo huliachi mikono mitupu. Mmoja huchomoa kirungu cha gia, mwingine kioo. Kaka alibandua kibati kidogo cha namba kilichokuwa mlangoni, akakificha nyuma ya simu yake, ndani ya kava. Picha ya mkewe haijawahi kukaa pale.

Lori jipya lilikuja na maringo yake. Katikati ya viti kulikuwa na kibao cheusi: unalaza simu juu yake, inachaji bila waya. Tajiri akakata nyaya za soketi ya kuwashia sigara, ile ya kuchomekea chaja za waya, maana madereva walishaunguza fyuzi kwa kuchomeka kila takataka.

"Mna chaja ya kisasa," alisema. "Mnataka nini tena?"

Simu ya kaka ikagoma. Taa ya kibao iliwaka, ikakonyeza, ikazimika. Aliisogeza, akaigeuza, akakifuta kibao kwa fulana, akaibembeleza simu kama mtoto aliyekataa dawa. Mwisho akamwita fundi umeme wa yadi. Fundi akalaza simu yake mwenyewe, ikachaji bila shida.

"Kibao kizima, Difu. Hebu toa kava tujaribu."

"Kava halitoki. Nililigandisha kwa gundi."

Uongo mtupu. Kibati kilikuwa mali ya tajiri, na mdomo wa fundi yule haukuwa na breki. Fundi akaguna, akachomeka kipande cha sponji pembeni ili simu isiteleze. Taa ikawaka.

"Haya, imekubali."

Kaka akaondoka bila kungoja kuona kama itaendelea kuwaka.

Siku hizo Mama alikuwa amelazwa. Uvimbe ulikuwa umeshika kikoromeo, na daktari alitueleza wazi kwamba akikitoa, sauti itaondoka nacho. Mama akawa anaibania ile iliyobaki.

"Nina neno na kaka yako," aliniambia. "Nitamwambia siku ya kuingia operesheni. Wewe halikuhusu."

Mimi niliyekuwa namwogesha na kumlisha kwa kijiko, neno halinihusu! Iliniuma, sitaki kudanganya. Kaka aliapa kwamba siku hiyo atakuwa amerudi, na kwamba njiani simu yake haitazimika hata kidogo.

Operesheni ikawahishwa. Nesi alikuja asubuhi na kitanda cha magurudumu, kaka bado yuko barabarani. Nikampigia. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mama alikuwa ameshika chuma cha kitanda.

"Piga tena, mwanangu."

Nesi alituvumilia, wema wake siusahau, lakini daktari hawezi kusubiri lori.

"Mama, niambie mimi. Nitamfikishia."

Akatikisa kichwa. "Hili halitumwi mtu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa sauti yake, na nikapewa mimi.

Kaka alipofika kwenye mizani ya malori ndipo alipoona simu imezimika, tena ina joto. Akaazima ya mtu, lakini namba yangu hakuwa nayo kichwani. Namba ya Bibie alikuwa nayo. Mpaka dereva mwenzake alipompatia chaja ya waya, Mama alishaingizwa chumba cha upasuaji.

Aliporudi yadi alitoa kava mbele ya fundi. Fundi akakigonga kibati kwa ukucha.

"Chuma, Difu? Chaja hii haipenyi chuma. Inachemka, inajizima. Si nilikwambia utoe kava?"

Alikuja wodini kibati kikiwa mkononi. Mama alikuwa amefungwa bandeji shingoni. Kaka akapiga magoti.

"Mama, ulitaka kuniambia nini?"

Mama alifungua mdomo kwa mazoea. Ikatoka pumzi tu, tena kwenye tundu walilomtoboa shingoni. Kalamu haikutusaidia, kuandika hakufundishwa. Ndipo kaka alipoweka kibati juu ya shuka, akaeleza yote, kava, gundi, fundi, analia mtu mzima. Mimi ningekitupa dirishani, na yeye nyuma yake.

Mama alikichukua, akakigeuza, akakifuta kwa pembe ya shuka. Akakitia kwenye mfuko wa shati la kaka, akafunga na kifungo, kama alivyomfunga vifungo enzi za shule. Kisha akageukia ukutani.

Siku hizi simu ya kaka imejaa chaji saa zote. Hunipigia kutoka barabarani kuniuliza jambo lile lile: je, Mama alimsamehe, au alimtukana? Namjibu amuulize mwenyewe.