Mbwa Mweupe wa Valeria

Hakuna kitu Kitanga ambacho Valeria Ndayisenga hakuwahi kukibetulia mdomo. Wafuga bata aliwadharau kwa kuwa bata ni wachafu. Walima mihogo aliwadharau kwa kuwa mihogo, alisema, hujiotea yenyewe hata mwenye shamba akilala. Kwaya ya kanisani aliidharau tangu alipoacha kuiimbia. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi naye akiwa mgongoni, na wazee husimulia kwamba hata pale mgongoni aliwatazama wakimbizi wenzake kama watu waliomkosea.

Lakini aliyedharauliwa kuliko wote ni mkwewe wa Kakonko, mume wa binti yake Loyce, mwanamume anayeongea huku anatafuna. Shamba la Valeria liko ukingoni mwa msitu, na msimu uliopita nyani waliyala mahindi yote. Mjane mwenye goti bovu atakimbizana na nyani? Loyce akapiga simu: "Mama, wakirudi tena mwaka huu, funga nyumba uje ukae kwetu." Mama mkwe akale ugali wa mkwe, chini ya dari ya mkwe! Kwa watu wa kwetu hiyo ni aibu ya kuzikwa nayo. Valeria aliapa angekula majani kwanza, kisha akaanza kutafuta mbwa.

Mbwa Kitanga wapo tele. Jirani yake Dorcas alikuwa na jike lililokuwa limezaa tena, akamwambia aje achague. "Mbwa koko?" alisema Valeria. "Hao wanaobweka hata kivuli chao?" Akauza maharage yake, akapanda gari hadi Kibondo, kwa Raymond.

Raymond alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kibondo kutoka mkoa wa mbali. Alipoona mshahara hautoshelezi majivuno yake, akaanza kuzalisha mbwa nyuma ya nyumba ya kupanga. Mbwa wa kizungu, alisema, ingawa mzungu aliyewaleta hakuna aliyewahi kumwona. Alipogonga bakuli, watoto wa mbwa walitoka bandani wakikanyagana, wakalia, wakamlamba viatu. Valeria akabetua mdomo. Mmoja tu, mweupe pee, mwenye jicho moja la bluu, alibaki amekaa akiwapa mgongo.

"Na yule?"

"Yule, mama, hababaiki," alisema Raymond bila kupepesa macho. "Damu ya baba yake ile. Unaweza kumpigia ngoma, asigeuke."

Valeria alimpenda palepale. Hatimaye alikuwa amepata kiumbe anayeidharau dunia kama yeye. Akamfunga kwenye kanga, akamleta Kitanga, na njia nzima hakumsalimia mtu.

Sasa, kule kwetu jina la mbwa si la mbwa. Mbwa hupewa maneno ambayo mwenye nyumba anataka jirani ayasikie, na kila akimwita mbwa, ujumbe unafika bila mtu kugombana na mtu. Valeria alimwita wake Mtaniambia-Nini. Asubuhi alisimama uani, akageukia kwa Dorcas, akapaza sauti: "Mtaniambia-Niniii!" Mbwa hakuja. Valeria akafurahi zaidi, kwani mbwa wa heshima haji mbio kama mtoto aliyesikia sahani.

Dorcas alivumilia. Baadaye alisogea hadi uani akasema kwa upole, "Mama Loyce, huyo mnyama hasikii. Mwangalie masikio. Hata kuku wakipiga kelele hayachezi."

"Wivu," alisema Valeria.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Dorcas, akageuka kwenda zake. "Na hapo simsemi mbwa."

Kengele ya kanisa la Kitanga ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti, na mzee wa kanisa, Niyomwungere, huigonga kwa nyundo kwa nguvu ambazo shambani kwake hazionekani. Ikilia, mbwa wote wa kijiji huinua pua na kuomboleza, wenyeji wamezoea. Jumapili hiyo Valeria alikuja na mbwa wake ili aonekane. Mweupe alilala chini ya rimu yenyewe. Niyomwungere akagonga. Mbwa wa huku na huko wakaanza kulia, watoto wakaziba masikio, na Mtaniambia-Nini akaendelea kulala, mguu mmoja ukichezacheza ndotoni.

Niyomwungere akagonga tena, safari hii akimwangalia mbwa. Watu nao wakamwangalia mbwa. Kisha, polepole, kama waumini wema wanaojizuia kucheka mlangoni pa kanisa, wakamwangalia Valeria.

Hakuingia ibadani. Alirudi nyumbani, akaangusha sufuria nyuma ya mbwa, akapiga jembe kwa jiwe, akapiga kelele mpaka koo likamwasha. Mbwa alizinduka pale tu kivuli cha Valeria kilipompitia, akatikisa mkia. Haikuwa dharau, wala damu ya baba. Alikuwa kiziwi tu. Valeria akaketi kizingitini, akalia kwa hasira. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, na msituni nyani walikuwa wanasubiri. Kwa mara ya kwanza alijiona akiwa Kakonko, ameshika tonge, mkwewe akimsimulia jambo huku anatafuna.

Kesho yake alikuwa Kibondo, mbwa kwenye kanga. Alimkuta Raymond akimwonyesha mwalimu Khatibu watoto wapya wa mbwa, kwa maneno yaleyale: hababaiki, damu ya baba yake. Baba mwenyewe, dume kubwa jeupe lenye macho yote mawili ya bluu, alikuwa amelala katikati ya uwanja.

"Bwana Raymond, mbwa uliyeniuzia hasikii," alisema Valeria.

"Mama, si ulichagua mwenyewe? Mimi nilikulazimisha?" Raymond akacheka kidogo, kile kicheko cha watu wa ofisini wakiwa na mtu wa shamba mbele yao. "Basi, kwa sababu ya utu, mwache huyo hapa. Nitamchoma sindano afe, maana ananiharibia jina. Wewe chukua mwingine."

Valeria aliokota bakuli la chuma, akaenda taratibu nyuma ya lile dume, akaligonga ukutani kwa nguvu zake zote. Watoto wa mbwa wakatawanyika. Mwalimu akaruka. Dume halikutikisa hata sikio.

"Mana yanje, Mungu wangu!" alisema Valeria. "Baba kiziwi, na ulikuwa unajua! Mwingine nimchukue nikamfundishe nini, kusoma midomo? Umesoma ukamaliza, umekuja kwetu na tai, kazi uliyoiweza ni kuzalisha viziwi na kuwauza kwa jina la ujasiri. Hata mwizi wa kuku ana haya kukushinda. Yeye angalau hujificha."

Mwalimu Khatibu alimweka chini mtoto wa mbwa aliyekuwa amempakata, akasema atafikiria kwanza, akaondoka. Raymond alibaki anafuta mikono kwenye suruali.

Valeria alitazama chini. Mweupe alikuwa amelala juu ya miguu yake, akimwangalia usoni. Hakuna aliyewahi kumwangalia Valeria usoni muda mrefu namna ile bila kutukanwa. Akamfunga tena kwenye kanga.

"Sindano jichome wewe," alisema, akatoka.

Dharau ni tamu, lakini haifukuzi nyani. Jioni Valeria alichukua kuku, kwani mbwa haombwi mikono mitupu, akaenda kwa Dorcas. Alisimama uani, na mdomo wake, kwa mara ya kwanza, ukakaa mahali pake.

"Karibu, Mama Loyce," alisema Dorcas. "Leo utaniambia nini?"

"Nimekuja kuomba mbwa."

Dorcas alicheka mpaka akakaa chini. Alipokwisha, alimpokea kuku, akaleta kijibwa chekundu, kikondefu, kilichokuwa tayari kinambwekea Valeria.

"Mchukue. Ila jina nimeshampa, na jina la mwenye mbwa halibadilishwi. Anaitwa Aliambiwa."

Mahindi yalipokomaa, nyani walishuka. Valeria alisimama juu ya dungu lake la kulindia na kuita kwa sauti ambayo bonde zima lilisikia: "Aliambiwaaa!" Chekundu kikachomoka kikibweka kama kichaa. Mweupe, ambaye sasa alikuwa mkubwa kama ndama, alikiona kikikimbia, akakifuata bila kujua sababu, na nyani walipoona lile umbo linawajia, wakarudi msituni wakitupa mahindi.

Kutoka shamba la pili Dorcas aliitikia: "Na naniii?"

Siku za kwanza Valeria alinyamaza. Nyani wakarudi, akaita tena, Dorcas akauliza tena, na watu mashambani wakaacha majembe wasikilize. Siku ile alipofunga mlango wa ghala, mahindi yamejaa hadi juu, simu ikaita. Alikuwa Loyce, akiuliza kama atakuja Kakonko. Valeria alimwambia angoje kwanza. Akatoka uani, mbwa wote wawili miguuni pake, akageukia kwa jirani.

"Na Dorcas!" akapiga kelele. "Aliambiwa na Dorcas! Umeridhika?"