Siku Dishi Lilipogeuzwa Kuangalia Kampala

Enzi zetu pale Burumba, Busia, mtoto akiulizwa anakaa wapi na akajibu "kwa ghorofa," hakuna aliyemuuliza ghorofa gani. Ilikuwa moja tu. Orofa tatu juu ya ile ya chini, nyumba kumi na mbili, ngazi za saruji zilizokwisha kingo, na paa la zege ambako akina mama walianika nguo, mihogo na dagaa wa omena bila kugombana sana. Wenzangu mliokulia hapo mtanisamehe nikisema tulikuwa na maringo. Watoto wa nyumba za mabati walikuja kupanda na kushuka ngazi zetu kwa zamu, kama mchezo, mpaka mwenye nyumba atoke na kuwafukuza.

Asubuhi tuliamshwa na kengele za baiskeli za boda boda, zikivusha watu mpakani, abiria ameketi kwenye kile kiti cha sponji na mzigo mapajani. Wanawake kutoka upande wa Uganda walipita na kabalagala ndani ya beseni, vile vikeki vya ndizi na unga wa muhogo, vingali moto, mafuta yakipenya kwenye gazeti. Tulikula tukielekea shuleni, na vidole vilinukia mpaka somo la pili. Jioni ilikuwa michezo: kati, blada na brikicho. Nikiwaambia watoto wangu kwamba mpira wetu wa kati ulikuwa makaratasi yaliyofungwa kwa uzi wa gunia, wananitazama kwa huruma, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Televisheni yetu ya kwanza ilikuwa na antena iliyofungwa juu ya mti mrefu uani. Sheria yake aliijua kila mtu wa mpakani: ukitaka kuona Kenya, igeuzie mashariki, ukitaka kuona Uganda, igeuzie magharibi. Hilo hatukufundishwa na mtu, tulizaliwa tukilijua. Na ndilo lililokuja kutuponza.

Baba yangu alikuwa wakala wa kupitisha mizigo forodhani, mtu wa kalamu mbili mfukoni na maoni juu ya kila jambo. Ndiye aliyeleta dishi la kwanza kwenye jengo letu, na fundi aliyelifunga alitoka Malaba, mtu mpole aliyeitwa Barasa. Mwenye nyumba alikubali dishi moja, basi. Hakutaka kila mpangaji atoboe paa, maji yaje kumwagikia watu vitandani. Kwa hiyo waya mmoja ulishuka kutoka juu mpaka kwetu, orofa ya kwanza, ukaingia kwenye dekoda, na kutoka hapo nyaya nyembamba zilitambaa madirishani mpaka kwa kila jirani mwenye televisheni. Tulichotazama sisi ndicho kilichotazamwa na jengo zima. Baba akitaka habari, wote walipata habari. Watoto walikuwa wanatumwa kwetu kuomba, "Baba anauliza kama mnaweza kutuwekea mpira," na sisi nasi tulipotumwa kwa watu, mama yangu alikuwa na usemi wake: "Uombe vizuri, usisimame mlangoni kama askari."

Kitu kimoja kuhusu dishi lile kiliwachekesha watu wote. Halikutazama Kenya wala Uganda. Lilitazama juu, karibu wima kabisa. Majirani walisema linaomba mvua.

Orofa ya chini aliishi Mama Amoit, mwanamke wa Kiteso kutoka Moding, aliyekuwa akichekecha na kuuza unga wa wimbi na muhogo. Hakuwa na televisheni na hakuwahi kuja kuomba chochote. Binti yake Amoit ndiye aliyetufundisha sisi wasichana netiboli, kwa ringi ya baiskeli isiyo na spoki aliyoitundika ukutani. Alikuwa na mikono mirefu na kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Mama yake alikuwa amemtafutia nafasi kwenye chuo cha walimu. Amoit akaondoka alfajiri moja kwenda Kampala kuchezea timu, bila kuaga. Ikapita miaka miwili bila neno. Ukimtaja Amoit mbele ya mama yake, chekecheo lilienda mbio zaidi, na wewe ukajua umekosea. Sisi watoto tulimkosa sana, lakini hakuna aliyethubutu kusema.

Ijumaa moja mwanamke wa kabalagala alileta habari kwamba kesho mchana timu ya Amoit ina mechi kubwa, na itaonyeshwa moja kwa moja kwenye stesheni ya dishi. Aliisema mlangoni kwa Mama Amoit, sote tukisikia. Mama Amoit aliendelea kuchekecha. Lakini Jumamosi, kabla ya saa nane, alipanda ngazi kuja kwetu akiwa amevaa gauni la Jumapili, na unga kilo mbili amemfungia mama yangu kwenye gazeti. Akaketi ukingoni mwa kochi na mikono magotini. Nilimwonea huruma na nikaogopa, maana nilikuwa najua jambo ambalo yeye hakulijua bado: tangu asubuhi kioo cha televisheni kilikuwa cheusi. Mvua ya Alhamisi na Ijumaa ilikuwa kubwa, na sasa dekoda ilikuwa inasema tu kwamba hakuna mawimbi.

Baba alikuwa amempa dereva mmoja ujumbe wa kumwita Fundi Barasa kutoka Malaba. Ila kungoja hakukuwa katika tabia ya baba. Alisimama katikati ya sebule akaeleza.

"Mechi iko Kampala," alisema. "Na hii dishi inaangalia mbinguni. Itaona Kampala namna gani?"

Hakuna aliyepinga. Ukweli ni kwamba wote tuliona amesema jambo la akili. Alipanda na majirani wawili na spana, wakalegeza nati, wakalilaza dishi mpaka likatazama magharibi, juu ya mpaka, moja kwa moja Uganda. Nilikuwa nyuma yao. Walibishana kwa dakika nyingi. "Hapo umepita Kampala," jirani mmoja alisema, "rudisha kidogo." Chini hapakutokea kitu. Mama Amoit alikuwa bado ameketi vilevile, akikitazama kioo cheusi kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Fundi Barasa alifika mechi ikiwa imeshaanza. Alipanda mpaka paani, akalitazama dishi, akamtazama baba.

"Mzee, nani amegeuza hii dishi?"

Baba akageukia omena iliyokuwa imeanikwa, akawa anaikagua kwa makini.

Fundi akainama kwenye dishi. Alifungua mwisho wa waya unapoingia kwenye dishi, akautikisa, tone la maji likadondoka. "Shida ilikuwa hii tu," alisema. "Maji imeingia. Ni kukausha na kufunga." Kazi ya dakika mbili. Sasa ilibidi tulirudishe dishi juu na kuitafuta upya setilaiti iliyo angani, na siku zile Barasa hakuwa na kile kipimo kidogo walicho nacho mafundi wa leo. Alikuwa na macho, spana na watu. Simu ya mkononi ilikuwa ya baba peke yake, na chini hapakuwa na nyingine ya kupigiwa.

Kwa hiyo alitupanga kwenye ngazi. Yeye juu kwenye dishi, baba kwenye mlango wa paa, jirani mmoja orofa ya tatu, mimi ya pili, mama yangu mlangoni petu, kila mmoja wa kupokea neno na kulipandisha. Ndani, mbele ya televisheni, alimweka Mama Amoit, kwa kuwa mechi ilikuwa ya mtoto wake.

"Mama, wewe ukiona picha tu, sema hapo," alimwambia. "Mimi nasongesha kidogo, nahesabu mpaka kumi. Nikifika kumi sijasikia kitu, nasonga mbele."

Nimewahi kusimama kwenye mistari mingi maishani, lakini sijasimama kwenye mwingine nilioupenda kama ule. Nilisikia baba akihesabu kwa sauti pamoja na fundi, moja, mbili, tatu, mpaka kumi, kisha spana ikilia kidogo, kisha tena moja. Nilikuwa nimelishika lile neno mdomoni, tayari kulitupa juu. Halikuja. Walihesabu kumi nyingi sana. Mwishowe mama yangu alichoka kungoja, akaingia ndani kuangalia, na nikamsikia akiuliza, "Haijakuja hata kidogo?"

"Ilikuja," Mama Amoit akajibu. "Ikaenda."

Nilishuka mbio. Alikuwa amesimama, kiganja kimegusa kioo. Baba naye alifika akihema, jasho limemlowesha shati.

"Sasa mama, si uliambiwa useme hapo?"

"Nilikuwa naangalia mtoto," alisema. "Alikuwa anakimbia. Akaanguka chini, akashika goti hivi. Halafu ikapotea. Sijaona akiamka."

Baba alimshika bega kidogo, akapanda tena juu kumwambia fundi arudi nyuma. Walirudi, wakahesabu tena, na picha ilipokaa ilikuwa safi kuliko zamani. Ila mechi ilikuwa imekwisha, na mwanamume mwenye tai alikuwa akiongea juu ya mbolea. Baba alilaumu waya, akalaumu mvua, na wakati wa chai, kama anayejisemea, akasema, "Ni mimi." Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Jumapili Mama Amoit hakuonekana kanisani, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue kulikuwa na kufuli mlangoni kwake. Alirudi Jumatano jioni, na Amoit alikuwa nyuma yake amebeba mkoba, akitembea sawa kabisa kwa miguu miwili. Tulimrukia pale pale uani. Alituambia mama yake alimkuta kule Kampala, nje ya hosteli ya timu, akifua soksi. Hakumsalimia. Alipiga magoti chini kwenye povu, akamvuta mguu, akaanza kulibonyeza goti kila upande.

"Na nilikuwa nimeamka hata refa hajapiga filimbi," Amoit alisema, akicheka kile kicheko chake. Mama yake alikuwa akisonga atapa, ule ugali wa wimbi na muhogo, jikoni, mlango wazi, na naye alikuwa anacheka. Tangu siku hiyo Amoit hakukosa kuja nyumbani likizo.

Siku hizi naishi orofa ya nne kwenye majengo mapya ya Busia, ambako ghorofa ni nyingi kuliko miti. Madishi yamejaa kila balkoni, yameshikwa na mikono ya chuma iliyotokeza nje ili yapate anga, maana juu ya balkoni yako kuna balkoni ya mwenzako. Paa limefungwa na funguo anazo keateka, msimamizi wa jengo. Fundi akija anapanda peke yake na kipimo chake kinacholia, anamaliza, anaondoka, na jirani wa mlango wa pili hajui kama kulikuwa na shida. Siwezi kusema ni vibaya. Picha ni nzuri. Wanangu hata hiyo hawaitaki. Mechi wanaitazama kwenye simu, na mchezaji akianguka wanairudisha nyuma mara tano waone vizuri, wakiwa wamelala chali.

Nawatazama na nafikiri juu ya Mama Amoit. Leo angemwona binti yake akianguka, na hapo hapo angemwona akiinuka. Angemshukuru Mungu, na Jumapili angeenda kanisani kama kawaida, si Kampala.