Neno Alilolisema Mwanaharusi Juu ya Picha ya Mzee Malimi

Saa nne asubuhi, stendi ya Buzuruga. Mwanaharusi Yahaya amelibana begi la abiria katikati ya magoti, anapaka mshumaa kwenye meno ya zipu iliyogoma. Mwenye begi hatulii.

"Mama, gari linaondoka!"

"Haliondoki. Kondakta bado anakula chapati," anajibu bila kuinua macho.

Zipu inakubali. Abiria anakwapua begi lake na kukimbia. Mwanaharusi anachomoa simu, anampiga picha kwa nyuma, kisha anaikodolea macho picha hiyo.

"Zamani ningeifurahia tu," anasema. "Sasa hivi sijui hata kama ni nzuri."

Ana miaka 48, mjane, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa fundi wa mabegi hapa stendi. Picha alianza miaka mitatu iliyopita, binti yake Safia alipomwachia simu yenye kioo kilichopasuka. Mteja mmoja aliziona, akampeleka kwa Liaqat, mzee wa miaka 71 aliyewahi kuwa na studio ya picha mjini.

Kila Jumamosi mchana watu tisa hukutana sebuleni kwa Liaqat, kila mmoja na picha yake moja. Wenzake husema wanachokiona, kisha kinachowakwaza. Mwenye picha hunyamaza mpaka wamalize.

Mara ya kwanza Mwanaharusi alipeleka picha ya mama muuza dagaa. Liaqat akamwambia amemkata paji la uso. Gladness, muuguzi na mmoja wa kikundi hicho, akasema uso wote ungeondoka tu, mikono inatosha.

"Mmoja niongeze, mwingine nipunguze! Nikauliza, sasa nimsikilize nani? Mzee Liaqat akacheka: 'Sisi tumekwambia tulichoona, kazi ni yako.' Jibu gani hilo?"

Hata hivyo alirudi. Lakini lililomvuruga hasa ni neno alilolisema yeye mwenyewe.

Machi mwaka huu, Nestory, fundi wa injini za mitumbwi kule Igombe, alileta picha ya baba yake, mzee Malimi, ameketi kizingitini. Wengine waliusifu mwanga. Zamu ya Mwanaharusi ikafika.

"Nikamwambia, umempiga ukiwa umesimama juu yake, mzee amekuwa mdogo. Amekaa kama mgeni anayesubiri kuambiwa aondoke."

Nestory alichukua simu yake, akaaga. Jumamosi mbili hakuonekana.

Ndipo Gladness akamweleza Mwanaharusi kwamba mzee Malimi alikuwa amepata kiharusi, na picha ilipigwa wiki ile ile Nestory alipomhamisha akakae naye. Jumapili Mwanaharusi akafunga safari hadi Igombe, akamkuta Nestory ana grisi mpaka viwikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja unisamehe."

"Nikusamehe nini? Niliitazama tena ile picha, nikamuuliza mzee. Akaniambia anataka kurudi kwake."

Nestory akamrudisha mzee. Tangu hapo humpelekea chakula asubuhi na jioni. Mwezi uliopita mzee aliteleza uani akiwa peke yake, akavunjika mkono.

Akifika hapo katika kusimulia, Mwanaharusi anaacha kushona begi jingine alilopokea.

"Nestory hanilaumu. Mzee naye anacheka, anasema afadhali mkono uvunjikie kwake. Lakini mimi? Nilikuwa nasema habari za picha tu. Mpaka leo sijui nilisaidia au niliharibu."

"Alisema alichokiona, na alikisema kwa heshima," anasema Liaqat. "Zaidi ya hapo, hata mimi sijui."

Mwanaharusi hajaacha kwenda. Ila siku hizi, kabla hajasema lolote juu ya picha ya mwenzake, huuliza kwanza: "Huyu ni nani wako?" Wengine huona anapoteza muda.

Jumamosi ijayo hatakuwa sebuleni kwa Liaqat. Mzee Malimi amekubali apigwe picha, na Mwanaharusi atakwenda Igombe.

"Kikundi hakitaiona kwanza. Nitampa yeye simu, kwenye ule mkono mzima, aitazame. Akisema futa, nafuta."

Na akiipenda?

Mwanaharusi analivuta begi ambalo mteja mwingine amemtupia miguuni.

"Nitamuuliza kaipendea nini," anasema. "Labda yeye ndiye ataniambia kitu nikakielewa."