Fundi wa CD wa Ilongero

Fundi wa CD pale Ilongero haamini jina la faili. Wenzake huandika "mpya" na kuuza. Yeye hufungua kila faili kwenye kompyuta, huvaa hedfoni na kusikiliza, kisha huandika juu ya CD kodeki, yaani namna picha na sauti zilivyofungwa ndani ya faili, maana deki nyingine huonyesha picha na kuacha sauti. Akimaliza hupuliza wino ukauke. Mimi sikusoma, kwa hiyo hunitajia kwa mdomo.

CD ya kikao ambamo marehemu mume wangu alinigawia shamba ilitoka bubu mbele ya wazee, shemeji zangu wakacheka. Nilipompelekea fundi, shemeji mkubwa alinifuata.

"Andika haina sauti, tumalize."

"Ipo, mzee. Kodeki yake ni AC3, deki yenu haiijui."

"Nani kakuuliza? Andika!"

Fundi aliandika AC3, akapuliza, akachomoa waya wa hedfoni. Sauti ya mume wangu ikatoka kwenye spika hadi barabarani: "Shamba la bondeni ni la mke wangu."

"Shemeji," shemeji mkubwa akaniambia kwa upole, "mwambie azime, tukazungumze nyumbani."

Nikamwambia fundi aongeze sauti.