Maharage ya Usaili

Wiki hii nilimpeleka mdogo wangu kwenye usaili wa darasa la watoto wenye vipaji, katika shule moja hapa Kibondo. Nafasi ilikuwa imebaki moja. Sisi wasindikizaji tulichungulia dirishani.

Mwalimu alimwaga mezani maharage mekundu na ya njano. "Haya, yatenge mafungu mawili."

Mdogo wangu akapiga magoti juu ya kiti, akatenga. Fungu kubwa lilichanganya rangi zote. Dogo lilikuwa la yaliyobunguliwa.

"Huyo basi tena," mama mmoja aliyetoka kata ya Murungu akaninong'oneza.

"Rangi hukuziona?" mwalimu akauliza.

"Nimeziona, mwalimu. Zote tunapika sufuria moja. Haya yana wadudu."

Mwalimu akaokota punje, akaigeuzageuza mpaka akaona tundu. Akacheka. "Sasa nitengee kwa rangi."

Akatenga upesi, kisha akauliza, "Ili iweje, mwalimu?"

Mwalimu akajikuna shingo. "Ili nikupime."

"Ahaa. Ungesema."

Nafasi akapewa. Mimi niliishia kidato cha pili, na tangu siku ile najiuliza: ni wangapi walirudishwa nyumbani kwa sababu hawakuulizwa swali la pili?